Wasiokula wa Kinindo

Kamenge, Bujumbura
Jumapili mchana

Yaya Lisette, mkubwa wangu,

Unisamehe kwanza, kabla hujaniuliza lolote. Ni karibu miezi miwili tangu unitumie kile kitabu cha nne, na mi sijakuandikia hata mstari mmoja wa kusema kimefika. Ulipiga simu mara mbili nikakujibu kwamba watoto wananisumbua, nitaandika wiki ijayo. Wananisumbua kweli, lakini si wao walionizuia. Kesho asubuhi Moubarak anavuka na mzigo wake wa vitenge kwenda Bukavu, amesema hatangoja mtu, basi leo nimekaa na kalamu na sitainuka mpaka nimalize.

Mama anaendeleaje na ule mguu? Mwambie asione aibu kutembea na fimbo. Na wewe, jikoni kwa masista kukoje, bado unasimama tangu saa kumi za alfajiri? Jitunze mgongo. Sisi huku tuna uzima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Akilimali, baba watoto wangu, amepata kazi ya kuezeka nyumba kule Ruziba, anaondoka mapema, anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, anakula, analala. Elysée ametimiza miaka minne, ana maneno kuliko bibi yake. Wajina wako ameota meno mawili na ananing'ata nikimnyonyesha. Nimekonda, usishtuke siku utakayoniona.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Nitaanza mbali kidogo, uvumilie, maana nikiianza katikati nitajitetea, na sitaki kujitetea.

Nilipojifungua huyu mdogo na kulia kila siku bila sababu, ni wewe uliyenitumia kitabu cha kwanza. Uliniambia wasichana wa shule kwa masista wanakigombania, kwamba nikisome nisisahau Kifaransa changu, nikimaliza nikirudishe kwa mkono wa Moubarak ili masista wakupe cha pili. Mi niliyeishia mwaka wa nne wa sekondari! Kurasa kumi za mwanzo zilinichukua wiki nzima. Lakini yule msichana Maëlle alinikamata. Anahamia na mama yake na mdogo wake kwenye mji wa theluji, na ng'ambo ya ziwa kuna nyumba kubwa ya watu wazuri, weupe kama chaki, wanaokaa mezani mbele ya sahani zilizojaa na hawaweki kitu mdomoni, kwa kuwa wanachokunywa ni damu. Vampiri, kama Wafaransa wanavyowaita. Nilikuwa nasoma mtoto akiwa kwenye titi, ugali unaungua, nafuta machozi, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue yalikuwa machozi ya mtu mwingine.

Adija ndiye aliyenifumania. Unamkumbuka, anayekaanga sambusa, mlango wake unatazamana na wangu, wale watu ambao wamekuwa katika mji huu tangu babu wa babu yao. Aliuliza ni karatasi gani hiyo inanifanya nicheke peke yangu kama mwenye mashetani. Nikamsimulia kidogo. Kesho yake akaja na kigoda chake na jirani wawili. Kesho kutwa lupango zima, yaani ua wetu wote, lilikuwa mbele ya mlango wangu saa tisa, kila mama na ungo wake wa maharagi, wanachambua, mi nasimulia. Adija alikuwa anasema Astaghfirullah kwenye kila busu, halafu ananifinya mguu niendelee. Niliposema yule kijana mrembo wa ile nyumba, anayependana na Maëlle, ana miaka mia mbili, aliweka ungo chini akauliza mia mbili na hajaoa, basi kwao wana shida kubwa kuliko hiyo damu. Ni yeye aliyewapa jina la Wasiokula. Alisema sisi tunakula tumekauka, wao hawali na wananawiri, Mungu atueleze.

Tulicheka, yaya. Sitaki nikudanganye kwamba ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Halafu nikaona kitu. Siku ya hadithi sikuchota maji. Adija alikuwa ananijazia madumu yangu mawili ili nisichelewe kuanza. Mwingine alimsuka Elysée. Na Epiphanie, ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, alikuwa anachukua maharagi yangu anachambua pamoja na yake bila kusema. Epiphanie, mama Prodige, mwanamke mpole, mume wake alikwenda Tanzania kutafuta kazi akapotelea hukohuko. Alibaki na watoto wawili wa kiume, Prodige wa miaka saba na Divin wa miaka mitatu, wote wamezaliwa na ule ugonjwa wa damu unaouma kwenye mifupa na kufanya macho kuwa njano. Ndugu yake Sylvère, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, ndiye anayemsaidia. Mi nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nimesimama. Kwa hiyo nilianza kuirefusha hadithi. Ukurasa mmoja niliufanya siku mbili. Mahali ambapo kitabu kilikuwa na mlango, niliweka milango mitatu.

Na ile theluji ilinisumbua. Niliwaambia ni kama ile ya kwenye friji, wakaniuliza mji mzima ndani ya friji, watu wanalima wapi. Walianza kupiga miayo, na mi niliona maji yangu yanaondoka. Basi siku moja niliihamisha ile nyumba. Niliiweka Kinindo, kwa matajiri, kule nilikokuwa nafua nguo kabla ya kuzaa, ninakujua kila ukuta. Nikaipa geti jekundu na kengele isiyolia. Nikaweka gari la vioo vyeusi, na mlinzi asiyesalimia. Yaya, mikono yote ilisimama kwenye maharagi. Tangu siku hiyo sikuitaja tena theluji, wala sikusema tena kitabu kinasema hivi. Nilikuwa nasema tu kwamba Wasiokula walifanya hivi.

Wewe ulinitumia cha pili, cha tatu. Katika cha tatu, ukumbuke kama wasichana wamekusimulia, mdogo wake Maëlle anayeitwa Noé anazama kwenye barafu, anatolewa karibu maiti, na wale watu wanampa damu yao. Anapona usiku uleule. Asubuhi anafungua macho, anamtazama mama yake, anauliza huyu mwanamke ni nani. Nililia sana pale. Na mi niliisimulia vizuri, naweza kusema hivyo, hakuna aliyekohoa. Epiphanie alikuwa amempakata Prodige, mtoto mkubwa vile, miguu inafika chini, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Adija alimwambia aache, ni hadithi tu. Kisha akaongeza kwa mdomo wake ule kwamba hata hivyo, hao matajiri wa Kinindo, nani amewahi kuwaona wakinunua maharagi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda sokoni, na mama mmoja muuza mboga za lengalenga, mtu nisiyemjua kabisa, akanionya nisiruhusu watoto wangu kwenda Kinindo. Aliniambia kuna nyumba yenye geti jekundu na kengele isiyolia. Geti langu, yaya. Kengele yangu. Ningepaswa kumwambia hapo hapo kwamba ni hadithi tu. Lakini nilichosikia moyoni mwangu ilikuwa fahari. Nililipa lengalenga langu, nikarudi nyumbani natabasamu.

Halafu mvua zikaanza, na Prodige akaanguka na malaria. Kwa mtoto kama yule malaria inakula damu kidogo iliyopo. Jumatatu asubuhi Epiphanie alimbeba mpaka hospitali, si mbali na hapa. Daktari alimpokea vizuri, alimpima, akasema damu imeshuka sana, lazima apewe nyingine leo, si kesho. Walikuwa nayo ya kundi lake, ndugu angekuja kutoa yake ili kurudishia. Sylvère aliacha ndagala juani akaja na mkono wa shati umekunjwa tayari. Epiphanie akasema anakwenda kwanza nyumbani kuchukua nguo na beseni, na sahani, kama mtu anayejiandaa kulala hospitali na mgonjwa wake. Akaja, akachukua, akarudi. Lakini alipofika kule alimtoa mtoto kitandani, akamfunga mgongoni na kitenge, akatoka naye. Sylvère amenihadithia kwamba daktari aliwafuata mpaka getini, koti lake jeupe limelowa mvua, akimwomba mama asifanye hivyo, akimwita mama yangu, mama yangu. Hakugeuka.

Prodige alifariki Jumatano saa nne asubuhi, kwenye mkeka wa mama yake. Nilikuwa pale. Aliniomba nimkune unyayo, nikamkuna, na nilipoacha hakuniambia niendelee. Tulimzika Alhamisi. Ni wiki saba sasa.

Kwenye kilio watu walisema kila mtu lake. Wengine kwamba Epiphanie amechanganyikiwa tangu mume amwache, wengine kwamba ni imani ya kanisa fulani inayokataza damu. Sylvère hakumsemesha dada yake hata neno moja, alikaa nje na wanaume. Mi nilikuwa nasonga ugali wa wageni na sikuinua uso.

Siku ya nne Epiphanie alikuja kwangu, alikuwa amejifunga kitambaa cheusi. Nilidhani anataka chumvi. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Yaya, alinishukuru. Alisema: "Mama Elysée, bila wewe wangenibadilishia mutoto. Aliniita mama mpaka mwisho. Ameondoka akinijua. Sitasahau lile neno uliloniambia siku ile."

Neno gani, utaniuliza. Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika, na ndiyo sababu ya miezi yote hii.

Ile Jumatatu alipokuja kuchukua beseni, alisimama kwanza mlangoni kwangu. Ilikuwa saa sita kasoro. Wajina wako alikuwa amelala, Elysée amelala, kitu ambacho hakitokei hata mara moja kwa wiki, na mi nilikuwa na kitabu cha nne mapajani, kimefika siku mbili tu kabla, nimefika pale Maëlle anaingia kwenye ile nyumba peke yake. Epiphanie aliniuliza kwa sauti ndogo. Alisema, we umesoma, niambie, hiyo damu ya kwenye mfuko wanayotaka kumpa Prodige, ni kama ile ya hadithi? Nilimsikia. Sitasema sikumsikia. Nilisikia na nikaelewa, lakini nilijua nikianza kumweleza watoto wataamka na saa yangu imekwisha. Sikuinua macho kwenye kitabu. Nikamjibu hivi, kwa kumtania, kwa kutaka aende: "Watamuponya, lakini hatakujua tena."

Nikafungua ukurasa mwingine.

Alisimama pale kidogo. Niliona kivuli chake juu ya karatasi, nikasogea ili nipate mwanga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akilimali hajui, Adija hajui. Wanajua hadithi, hawajui jibu. Kitabu cha nne usikingoje, hakitarudi, nilikitupa chooni siku ya mazishi, masista waambie mdogo wako amekiharibu na kosa ni langu. Unaweza kufikiri nimekitupa kwa hasira. Nilikitupa kwa sababu nilikuwa nataka kujua mwisho wake. Mtoto hajafika hata ardhini, na mi nataka kujua kama Maëlle alitoka mule ndani. Niliona nikiendelea kuwa nacho nitakisoma.

Usiniandikie kunituliza. Usiniambie mama angemtoa mtoto hata hivyo, au kwamba malaria ndiyo iliyoua. Najua malaria ndiyo iliyoua. Daktari alikuwa na dawa yake mkononi, na mi nilikuwa na neno, na neno langu ndilo lililosikilizwa.

Kama ingekuwa Prodige peke yake labda ningeendelea kunyamaza, na Mungu anajua. Lakini kuna Divin. Tangu wiki iliyopita macho yake yamekuwa njano tena, analia akiguswa magoti. Daktari alishasema zamani kwamba huyu naye siku moja atahitaji damu, na siku hiyo ikifika hakuna kusubiri. Epiphanie amekificha kijitabu chake cha hospitali chini ya godoro. Ameapa mbele yangu kwamba Divin hatapita geti lile la hospitali. Anamchemshia majani.

Jumanne nilimfuata kwenye robine, bomba letu la maji, tulikuwa wawili tu, tunasuuza nguo. Nikamwambia yote. Nikamwambia Wasiokula hawako Kinindo, hawako popote, ni kitabu cha kuwafurahisha wasichana, geti jekundu nililiweka mi, kengele niliiweka mi, na siku ile nilimjibu ovyo kwa sababu nilikuwa nasoma. Alinisikiliza huku anakamua nguo za Divin. Halafu akanipapasa bega kama vile mi ndiye mfiwa. Akaniambia nisiogope, hajamwambia mtu yeyote kwamba ni mi niliyemwonya, wale watu wa Kinindo hawatajua jina langu.

Niliapa kwa uhai wa watoto wangu. Akaniambia nisiape hivyo, akaniwekea mkono mdomoni, mkono wa maji ya sabuni. Akasema anaelewa, naye ana mtoto, angekana pia. Nilibaki pale na ndoo. Nimeisimulia vizuri mno, yaya. Kila siku saa tisa kwa miezi mingi nimeijenga ile nyumba, tofali kwa tofali, na sasa mwenyewe siwezi kuibomoa kwa mdomo.

Ndiyo maana nakuhitaji. Nimezungumza na Sylvère, nilimfuata mpaka Ruziba anakopokea ndagala, nikamwambia yote, hata lile jibu. Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu kitabu cha Noé kiko wapi. Sylvère anasoma Kifaransa, na ameshaanza kuzungumza na dada yake kwa ajili ya Divin. Amesema kikipatikana, atamsomea mwenyewe kwa sauti yake, neno kwa neno, na kumtafsiria. Epiphanie akimsikia Noé, akisikia barafu, akisikia mji wenye theluji usio na Kinindo ndani yake, na haya yakitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekunja mkono wa shati kutoa damu yake, labda. Na mi nitasimama mbele ya akina mama wote saa ileile ya tisa, niseme nilichojibu siku ile. Wataacha kunijazia madumu. Wengine wataacha kunisalimia. Adija sijui atafanya nini, namuogopa yeye kuliko wote. Nitasema tu. Nimeshaamua, usijaribu kunizuia.

Msalimie Mama, lakini barua hii usimsomee, mwambie tu tuko wazima na Elysée anamuulizia. Wasalimie wapishi wenzako, na masista, na yule mlinzi wa shule anayependa kuniita madame. Akilimali anakusalimia, amesema paa la Mama atakuja kulitengeneza mvua zikiisha. Wajina wako nimemshika kidole akachora huu mstari uliopinda hapa pembeni, ndiyo salamu yake.

Ninachohitaji ni hiki, na usichanganye. Kitabu cha kwanza, chenye picha ya nyumba na theluji kwenye jalada, hata kama limechanika. Kitabu cha tatu, mahali pa Noé ni baada ya katikati, pakunjie pembe. Karatasi ya sista wa maktaba, aandike kwa mkono wake kwamba ni vitabu vya kubuni na wanafunzi wanaviazima, na apige muhuri, muhuri uonekane vizuri. Vile vidonge vidogo vya njano vya damu ambavyo Divin anameza kila siku, vinaitwa foliki, vya miezi mitatu au vyovyote utakavyopata. Chandarua kimoja cha kitanda cha watu wawili. Ile picha uliyompiga Prodige kwa simu yako ulipokuja Krismasi, isafishe kwenye karatasi, mama yake hana hata moja. Cha tano usinitumie. Moubarak anarudi Ijumaa. Kama huwezi kupata vyote kufikia siku hiyo, vingine vyote viache. Kitabu cha tatu kije.

Ni mi, mdogo wako,
Nsimire